Etageri Iliyokataa Kutoka Mulangoni

Kamembe, Rusizi
juma ya pili baada ya Pasaka

Papa Ghislain, ndugu yangu Mulume,

Kabla ya yote nakusalimu, wewe na Maman Ghislain na bote mulio chini ya bati moja pale Kadutu. Goti lako la kushoto linasema nini siku hizi za mvua? Na lile jino ulilokataa kung'olewa, bado linakutawala? Mimi niko muzima. Macho yanaona, mukono hautetemeki. Juzi kijana mumoja wa pikipiki alitaka kunishika nivuke barabara, nikamuuliza kama mama yake alimutuma kutafuta abiria ao kubeba bazee. Kwa hiyo ujue, Vénuste ni yule yule.

Barua hii unaipata kwa mukono wa Maman Aurore, yule mwenye kuvusha karoti na shu, njo kabichi, kila asubuhi. Nimemuagiza aiweke juu ya karoti, si chini, kwa sababu karoti zake anazimwagia maji ionekane zimetoka shambani saa ile. Utajiuliza kwa nini naandika wakati kila muntu leo anapiga simu. Naandika kwa sababu jambo hili kwa simu ungenikata katikati, mimi ningekukata wewe, na unite za simu zingekwisha tukiwa bado kwenye salamu. Karatasi hakuna wa kuikata katikati. Na nimeandika mimi mwenyewe, kwa mukono huu wa kushika randa, mimi niliyetoka shuleni mwaka wa tatu. Uwineza, binti wa hapa kazini, alinyoosha maneno fulani tu. Machache sana.

Nakuomba kitu kimoja. Kama Ghislain amekwisha kukuonyesha foto fulani kwa telefone yake, umurudishie telefone yake, ukae chini, usome mpaka mwisho. Kama bado, umukataze. Foto inaonyesha jambo, haionyeshi sababu yake.

Kazi yangu ya sasa unaijua. Tangu mugongo ulipokataa kuinama juu ya meza ya kazi, ninalinda na kufagia kile chumba cha vitabu hapa Kamembe, isomero njo vile tunakiita, kile ambamo mimi na wewe tulijenga etageri kubwa, ile rafu ya vitabu. Bado nakuona ukivuka mupaka na randa yako ndani ya gunia, bantu ba doane, bale ba ushuru, bakakuuliza kama ni silaha, ukabajibu kwamba ndiyo, na adui yake ni mafundo ya mbao. Mbao ya libuyu safi, kutoka ukuta mpaka ukuta, bila musumari hata mumoja, kila ulimi wa mbao ndani ya tundu yake. Na kwa sababu ilikuwa pana kuliko mulango, tuliiungia mule mule ndani. Bantu ba komite bakauliza itatoka vipi siku moja. Ukabajibu kwamba mwenye kutaka kuitoa aanze kwa kuvunja ukuta. Tukachonga alama yetu nyuma ya ubao wa juu, V na M, na mimi nikaapa mbele yako na mbele ya chupa mbili za bia kwamba musumeno hautagusa kazi ile nikiwa hai. Neno hilo unalikumbuka. Mimi pia nalikumbuka.

Bon. Baada ya Noeli iliyopita, prezida wa komite, Bwana Niyitegeka, alikuja na metre ya kupimia mukononi. Si muntu mubaya, lakini akiona chumba anaona kodi. Akatueleza kwamba vumbi limekuwa musomaji wa pekee, kwamba banafunzi siku hizi banasoma kwa telefone, hakuna tena muntu wa kupanda kilima kwa ajili ya kitabu, na kwamba kuna muntu wa kuuza telefone anayekitaka chumba hicho. Uwineza, njo binti mwenye kutunza vitabu, ana maneno machache na kichwa kigumu karibu kama changu. Akaomba muda mpaka Pasaka. Niyitegeka akakubali, ila akasema etageri itangulie kutoka ili apime nafasi, na akaleta vijana bane bagumu.

Ah, Papa Ghislain, ungekuwapo! Nilikaa kwenye kiti changu nikabashauri kwa upole. Basukume. Bavute. Bainamishe kidogo upande wa dirisha. Jasho likabatoka mpaka kwenye viatu, mumoja akauliza ni mushenzi gani aliijenga, nikamuambia mushenzi ndiye huyu anakutazama, na mwenzake iko Bukavu. Niyitegeka alipima mulango, akaupima tena, kama vile mulango ungemuhurumia ukapanuka. Mwisho bakaenda zabo. Siku ile nililala kama mwami, mufalme muzima. Nilijua kwamba etageri yetu njo kufuli ya chumba. Ikibaki muzima, hakuna duka la telefone litakaloingia.

Lakini Uwineza akaniambia neno ambalo sikulipenda. Kwamba kufuli inazuia bantu kuingia, haibaiti. Akafungua ukurasa wa isomero kwa Fesibuku na kundi kwa Watsapu, ili muntu aulize kitabu akiwa kwake, ajibiwe, apelekewe. Nilimuambia kwamba kuingiza telefone mahali pa vitabu ni kumupa mbuzi kulinda shu. Nikaweka kitunga mulangoni, kila mwenye kuingia aache telefone yake mule. Bale bachache baliokuwa banakuja bakapungua tena. Asubuhi Uwineza aliondoa kitunga, baada ya chakula cha saa sita mimi nilikirudisha. Kundi lake lenyewe lilikuwa na bajomba bake, na rafiki za bajomba bake, basi.

Sasa sikia. Katikati ya Februari Uwineza aliitwa Kigali kwa mafunzo, akaacha rundo la vitabu juu ya meza, akaniomba nivirudishe kwenye etageri. Nikasimama mbele ya kazi yetu, nikaitazama vizuri kwa mara ya kwanza tangu siku nyingi. Aibu gani! Kitabu kirefu kando ya kifupi, kifupi kando ya kirefu, kama meno ya mamba. Fundi gani ataacha kazi hivi? Nikashusha vitabu vyote, nasema vyote, nikavipanga kwa kimo, virefu upande wa dirisha, vifupi upande wa mulango. Nikaweka na rula juu yake. Mustari ukashuka pole pole sawa kilima cha Nkombo kinavyoingia ndani ya ziwa. Nilijipigia makofi mimi peke yangu.

Uwineza aliporudi, alisimama mulangoni na mufuko wake bado begani. Kitabu cha kufuga kuku kilikuwa kati ya kamusi na maisha ya mutakatifu, kwa sababu vina kimo kimoja. Vya hesabu vilikuwa vimetawanyika kama familia wakati wa vita. Akaketi chini kwenye simenti, akafunika uso, na mabega yanatikisika. Nikafikiri analia. Kumbe anacheka, mpaka kikohozi kikamushika. Kisha akapiga foto, akaiweka kwa Fesibuku na maneno haya, kwamba mulinzi wetu ametengeneza isomero, na mwenye nguvu aje atafute kitabu chake.

Kabla ya Jumapili foto ilikuwa imezunguka pande zote. Uwineza alinisomea yale bantu baliandika. Mumoja aliuliza kama ni vitabu ao ni basoda ba jeshi kwenye gwaride. Mwingine aliona kitabu fulani cha kijani, akaandika kwamba alikisoma akiwa mutoto lakini chake kilikuwa kimepasuka mwishoni, na tangu siku ile hajui kama yule mujane alirudishiwa shamba lake ao hapana. Kumbe bantu bengi balikuwa na njaa ya kitabu hicho cha mujane. Lakini mimi, masikio yangu yalishika neno moja tu. Mwanamuke fulani, jina Benitha, aliandika kwamba muzee huyo apewe matofali ayapange kwa kimo, vitabu abaachie bale benye kujua kusoma.

Mimi! Kuambiwa hivyo mbele ya Rwanda nzima! Nikamuamuru Uwineza amujibu saa ile ile. Akakataa, akasema tusi si lake, akaniwekea telefone mbele ya kinywa na kunionyesha mahali pa kushikilia kidole. Nikashikilia. Nikasema kwamba mimi ni Vénuste, mwenye kujenga etageri ile kabla meno yake hayajaota, na kwamba kwa desturi yetu mwenye kutukana muzee mbele ya bantu analipa icyiru, njo fidia ya kosa, mbele ya bantu, namungoja Siku ya Posho, njo Jumamosi, bantu bakitoka umuganda, ile kazi ya bote ya barabara, asipokuja nitajua kwamba kwabo hakuna bazazi. Nikaachilia kidole, sauti ikaenda. Nilipotaka kuongeza la pili, Uwineza alikuwa amekwisha kuficha telefone.

Aliniambia hakuna muntu anayefunga safari kwa sababu ya ugomvi wa Fesibuku. Posho ikafika, na Benitha akafika. Mwalimu mufupi kutoka Mururu, kichwa chini, chupa ya urwagwa, pombe ya ndizi, ndani ya kikapu, sawa icyiru inavyotaka. Na nyuma yake bantu bengi baliosikia sauti yangu bakaja kuona vile atafanywa. Papa Ghislain, niliitazama chupa ile, nayo ikanitazama. Lakini mbele ya bantu muntu anakuwa na kiburi kikubwa kuliko kiu. Nikamuambia kwamba hapa ni isomero, hatunywi. Yeye alijisifu kwamba anajua kusoma, basi icyiru yake ni kusoma ukurasa mumoja kwa sauti, bote basikie. (Chupa ilibaki kwangu, kwa kulindwa tu.)

Akachukua kile cha kijani. Alianza kwa sauti ya muntu anayesoma hukumu yake, kisha kitabu kikamushika, akanisahau. Mujane alikuwa mbele ya chef wa kilima, shemeji zake banamucheka. Ukurasa ukaisha pale pabaya kabisa, na mama mumoja aliyesimama mulangoni akauliza kwa hasira ni nani aliambia mwalimu anyamaze. Uwineza alikuwa ameshika sauti yote kwa telefone yake. Akaituma kwa kundi.

Tangu siku ile, ndugu yangu, jina langu halinitoshi tena. Mirindi, muvuvi wa sambaza, samaki zile ndogo, kutoka kisiwa cha Nkombo, alikuja kutuambia kwamba banaweka telefone ndani ya beseni tupu katikati ya mutumbwi ili sauti ipande, banasikiliza mujane huku nyavu ziko majini, na kwamba tukichelewesha ukurasa bataleta fujo. Maman Aurore anasema kwenye musururu wa mupakani bamama banabishana kama yule shemeji mudogo ana huruma ao ni ujanja. Na sasa bantu bananitukana makusudi ili nibaite! Ninayapima matusi kama mbao. Tusi jepesi silipokei. Muntu wa Nzahaha aliandika kwamba masikio yangu yanaweza kuendesha mutumbwi bila mota, hilo nililipokea, akaja na binti zake bawili, akasoma kurasa tatu mahali pa moja.

Kisha bakaanza kuomba vitabu vyenyewe. Muntu anaandika kwa kundi, Uwineza anamujibu, na vitabu vinaenda. Vya Mururu vinabebwa na Benitha, vya Nkombo vinavuka na Mirindi, ndani ya kitunga changu kile cha mulangoni. Sikukitoa kwa hiari, lakini hakuna kingine kilichokuwa na mufuniko. Vinarudi vikinuka sambaza, vingine vinakwenda.

Basi nikaanza kuona jambo lililoniuma. Etageri yetu ilikuwa inabaki wazi nusu nzima, na chumba kilikuwa kinajaa. Nafasi ilikuwa ya etageri, ya bantu hapana. Balisimama wima, bengine balikaa inje kwenye ngazi na mvua inabanyeshea. Posho moja alikuja bibi mumoja wa Mururu, kwa miguu, na fimbo. Alishika nguzo ya etageri kwa mikono miwili na kusikiliza. Muguu mumoja ukachoka, akaegemea mwingine, na huo pia ukachoka. Mujane alikuwa karibu kuitwa mbele ya baamuzi, na bibi akatoka, akaenda. Kutoka pale mpaka Mururu. Nilimutazama mpaka akapita kona. Kisha nikageuka, nikatazama ile mbao yote nzuri, imesimama na haina hata kitabu mukononi.

Pasaka ilikuwa karibu, Niyitegeka alikuwa anakuja kuona kama kuna basomaji ao hakuna.

Sasa, Mulume, shika kiti unachokalia. Nimeikata.

Nilifanya hivyo asubuhi ya umuganda wa mwisho kabla ya Pasaka, wakati bote balikuwa barabarani na majembe, na uzee wangu umenipa ruhusa ya kubaki. Nilijifungia ndani. Libuyu yetu haikukubali kirahisi. Kila ulimi tuliouingiza pamoja ulinishika musumeno na kuniuliza jina langu. Nusu ya upande wa dirisha nimeiacha, inabeba vitabu vilivyobaki. Nusu ya upande wa mulango ni mabenchi mane. Ule ubao wenye V na M ulikuwa unatazama ukuta miaka yote hii, hakuna aliyeuona. Nimeuweka mbele ya benchi ya kwanza, kila mwenye kuingia anausoma kwanza kabla ya kitabu.

Nilipomaliza, nilifungua mulango upepo uingie, na njo nikaona. Kila kipande sasa kilikuwa kinaweza kupita. Kufuli ya chumba nilikuwa nimeivunja mimi mwenyewe, na Niyitegeka angeweza kutoa vyote kwa dakika chache. Nakuambia wewe peke yako, nilikaa kwenye benchi ya kwanza na musumeno magotini. Uwineza alifika na matope ya umuganda kwenye viatu, akatazama etageri, akatazama mulango, akaelewa. Akaniuliza kama ninajua nilichofanya. Nikamuambia alete ufagio, kwa sababu leo mufagiaji amechoka. Safari hii alilia kweli, lakini alifagia.

Niyitegeka alikuja Posho ya baada ya Pasaka, na metre yake. Benitha alikuwa anasoma. Nilimuona prezida vile macho yake yalienda kwenye etageri iliyokatwa, kisha kwenye mulango, anapima bila metre. Bibi wa Mururu alikuwa amekaa benchi ya kwanza, kwa sababu Uwineza alikuwa amemuagiza Benitha amurudishe kwa pikipiki. Akavuta kitenge chake kando, akamuambia prezida wa komite kwamba akae, kijana, anaziba mwangaza. Akakaa! Ukurasa ulipoisha nilimusikia anamuuliza bibi kwa sauti ndogo shamba lile lilipotea vipi mwanzoni. Hakutuambia ndiyo, hakutuambia hapana. Akaenda, akasahau metre yake juu ya benchi. Posho hii alirudi kuichukua, akakaa mpaka mwisho, akaisahau tena. Na muntu wa telefone, nasikia anatafuta chumba karibu na gare ya mabasi.

Uwineza alipiga foto ya mabenchi na etageri iliyokatwa, akaiweka kwa Fesibuku, njo hiyo foto Ghislain atakuonyesha. Musumeno ni wangu, hakuna aliyenituma.

Mimi sikuombi musamaha, unanijua. Neno hilo ni kama etageri yetu ilivyokuwa, ni pana kuliko mulango wa kinywa changu. Lakini sheria ya icyiru niliitunga mimi, na haina mulango wa nyuma. Nilivunja kiapo mbele yako, nitalipa mbele ya bantu. Uvuke Posho yoyote kabla ya Pentekoste, na Vénuste atakusomea ukurasa mumoja kwa sauti. Mimi, kwa kinywa hiki. Nilikuwa nimechagua ukurasa wa kitabu cha kuku wenye picha kubwa na maneno mawili matatu chini yake, Benitha akaukataa, akasema kuku si ukurasa. Sasa ni wa kile cha kijani, pale mujane anasimama kusema mwenyewe. Kila asubuhi kabla ya kufungua tunaufanya na Uwineza, kidole changu kinatangulia, kinywa kinafuata. Nafika katikati bila kupumzika. Neno "baamuzi" bado linanishinda, lakini halinishindi kila siku. Uwineza ataituma sauti kwa kundi, hata Nkombo batasikia. Na wewe usicheke. Ukicheka, ukurasa unaofuata ni wako.

Umusalimie Maman Ghislain, umuambie chumvi aliyonitumia ilifika. Umusalimie Ghislain na muke wake, na bale batoto babo benye kunipigia telefone kila mara kusema kuku kuku kwa kunisalimu. Uwineza anakusalimu bila kukujua, anasema alama ya M ni nzuri kuliko ya V, hajui mbao. Mungu akulinde njiani, na mvua isikukute kwenye daraja.

Na unapokuja, ulete randa. Benchi ya ine inachechemea, kwa sababu siku ile hapakuwa na muntu wa kushika upande mwingine.

Ni mimi, yule yule,

Vénuste Mutabazi
seremala